Jina la Mwenye Ng'ombe

Ningeweza kukataa. Mgeni alinisogezea karatasi, akaweka kalamu juu yake, na mimi nikaichukua. Hakunishurutisha. Aliomba tu nimjazie orodha ya watu wote wa mkoa wa Mara wanaotumia jina la ukoo wake, jina la Kiskoti ambalo mimi nami nimelibeba tangu siku ya ubatizo, na nikamjibu, "Niachie. Nitakujazia vizuri." Nilikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, nimesoma hadi kidato cha nne, nimekuwa karani wa pamba Bunda karibu maisha yangu yote ya kazi, kabla ya kustaafia Musoma. Siwezi kujitetea kwamba sikujua maandishi yanaweza kumfanya nini mtu.

Jina lenyewe sitalitaja hapa. Limekwisha kuandikwa vya kutosha.

Siku ya kwanza tulikutana barazani kwenye nyumba ya wageni hapa Musoma. Mgeni alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, masikio yamebabuka kwa jua. Alizungumza Kiingereza cha kwao, kigumu kama kokoto, na ilibidi nimwombe arudie mara kwa mara. Alikuwa na bahasha kubwa ya ramani. Ya kwanza ilikuwa ya nchi yake zamani sana, na vitone vyekundu vilikuwa vimesongamana kwenye bonde moja dogo kama siafu kwenye mfupa. Kila kitone, mtu mmoja mwenye jina letu. Akanieleza kwamba jina halikutokana na mtu. Lilikuwa la kipande cha ardhi, ardhi ya mawe kati ya vijito viwili, na waliolima pale wakaitwa kwa jina la pale.

Kisha akatandaza ramani ya pili. Bonde lilikuwa karibu tupu. Mwenye ardhi alitaka kondoo badala ya watu, akawaondoa. Vitone vilikuwa vimekimbilia pwani, na vingine kwenye mji uliokuwa unaunda meli. Ramani ya tatu ilikuwa ya dunia, na vitone vilikuwa vimevuka hadi Kanada na Nyuzilandi.

"Na bondeni?" nikamuuliza.

"Nilikwenda mwenyewe. Kuna kondoo, kuna makaburi, na kuna mtu mmoja anayekodisha nyumba kwa watalii. Ametoka London."

Halafu akaweka kidole kwenye kitone kimoja kilichokuwa peke yake, katikati ya Ziwa Viktoria. "Huyu hapa," akasema, "ni nani?"

Nilicheka. Nikamwambia huyo ni sisi, ila hatuishi majini, na akakirekebisha pale pale kwa penseli, akakisogeza hadi nchi kavu. Natamani angekiacha humo ziwani.

Kaka wa babu yake alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Butiama, enzi za Waingereza. Mgeni alikuwa na barua yake moja tu, inayosema hali ya hewa ni nzuri na kwamba ana "nyumba". Kuhusu nyumba hiyo barua haikusema zaidi. Sisi tulikuwa tunayo habari yote.

Yule fundi aliishi na mwanamke ninayemwita bibi. Hakumchukua kihuni, alitoa ng'ombe kwa wazazi wake, akanunua na wengine akawaacha mikononi mwake, wakazaana. Mtoto hawakupata. Watu wakamcheka bibi kwamba Mzungu amemkausha tumbo. Kwetu, mwanamke asiyejaliwa mtoto, akiwa na ng'ombe wake, anaoa. Anatoa mahari mchana kweupe kama mwanamume yeyote, anamleta binti nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile. Ndiyo tunayoiita nyumba ntobhu. Bibi alimwoa mama yangu katika mwaka wa mwisho wa yule fundi kuwa kwetu, kwa ng'ombe wa fundi. Fundi akaondoka zake, hakurudi, na mwaka uliofuata nikazaliwa mimi.

Wako wanaume wanaopita katika nyumba kama hiyo, kwa kuwa bila wao mtoto haji. Lakini hao ni wapita njia, na hawatajwi. Mtoto hamuulizi mama yake. Jirani hamwambii mtoto. Hata watu wakigombana kwenye pombe wakatukanana hadi kufikia makaburi, hilo hawaligusi. Mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe.

Padre aliyenibatiza alimuuliza bibi baba wa mtoto ni nani. Bibi akamjibu, "Andika jina la mwenye ng'ombe." Padre akaandika la yule fundi. Akaandika hivyo hivyo kwa mdogo wangu na kwa wengine wanne waliofuata. Hivyo ndivyo jina la ardhi ya mawe lilivyofika kwetu, kwa njia halali kuliko majina mengi ninayoyajua. Likatembea. Ndugu yetu mmoja alikwenda nalo Bukima kwenye uvuvi, watoto wake wakajaa kando ya ziwa. Mwingine alikwenda nalo Bunda kwenye pamba, kisha mimi nikamfuata. Mdogo wangu aliyenifuata kunyonya ziwa la mama alibaki nalo Butiama. Tulikuwa wengi kuliko vitone vyote vya ramani ya pili ya mgeni.

Nilimzungusha mgeni kwa siku nne, Bunda, Bukima, na mwisho Butiama kwa mdogo wangu. Mdogo wangu alichinja mbuzi. Alitoa sanduku la chuma la yule fundi, lenye herufi tatu zilizochongwa kwenye kifuniko, akamwekea mgeni miguuni. Mgeni alipiga magoti akapapasa zile herufi, na macho yake yakalowa.

"Mwambie amechelewa," mdogo wangu akaniambia, huku akimkatia mgeni paja. "Ng'ombe wa babu yake walishazaa sana."

Nikatafsiri. Mgeni akacheka kwa adabu. Mama alikuwa amekaa kando kwenye mkeka, mzee kabisa, macho yameanza ukungu, naye akacheka kwa kuwa wengine wanacheka.

Nieleze kuhusu sanduku. Mimi ndiye mkubwa. Bibi alipokaribia kufa alimkabidhi mdogo wangu mji, yaani boma lote, na sanduku, akasema aliyekaa ndiye mwenye mji, mimi nimekwenda kwa Wahindi wa pamba. Nilisema sawa mbele ya watu. Lakini haikuwa sawa. Miaka yote nilikuwa nafika pale kama mgeni wa sikukuu, namwona mdogo wangu, aliyeishia darasa la nne, akikalia kiti cha bibi na kuamua nani alime wapi. Nilikuwa namsahihisha Kiswahili mbele ya wanawe. Nilikuwa namsomea barua zake kwa sauti, taratibu, kama mtoto. Alikuwa akivumilia. Mimi nilidhani haoni.

Tulipokuwa njiani kurudi Musoma mgeni akaniuliza, "Ule mzaha wa ng'ombe maana yake nini?" Nikamweleza desturi, yote. Nilieleza vizuri, najua kueleza. Alisikiliza, kisha akashusha pumzi. Akasema ni jambo la kupendeza sana, lakini chama cha wenye jina huko kwao kinatambua ukoo kwa damu. Kila baada ya miaka kadhaa wanakutana, na safari hii wangependa kumwalika mtu mmoja kutoka Afrika, kama yupo aliye wa damu.

"Kama yupo," akarudia, akitazama nje ya dirisha la gari.

Kesho yake ndipo akanisogezea karatasi. Ilikuwa na safu sita: jina, mahali pa kuzaliwa, mahali anapoishi, kazi, mama, na baba mzazi. Pembeni ya safu ya sita alikuwa ameandika kwa mkono maneno mawili: kwa damu.

Ningeweza kuiacha safu hiyo wazi. Ningeweza kuandika jina la mwenye ng'ombe kwa wote, kama padre. Nilikaa nayo asubuhi nzima kwangu, na kahawa ikapoa. Kwa ndugu wa Bukima na Bunda niliandika "haijulikani". Kwenye jina langu niliandika kwamba baba yangu ni yule fundi. Aliyenizaa simjui, na mama sikuwahi kumuuliza, lakini miezi ilikubali. Ngozi yangu haikukubali, ila mgeni alitaka kuamini kuliko hata mimi.

Nilipofika kwenye jina la mdogo wangu nilikumbuka mnunuzi wa ngozi wa kijiji cha Buswahili, aliyekuwa akija na baiskeli nikiwa mdogo. Akifika, mimi nilikuwa natumwa kuangalia ndama. Mdogo wangu ana paji lake na mwendo wake. Kila mtu mzima pale alijua, na hakuna aliyewahi kufungua mdomo. Nikaandika jina la yule mtu, na kijiji chake, kwa mwandiko wangu wa karani. Ningeweza kuandika "haijulikani" kama kwa wale wengine. Sikutaka. Nilitaka mahali pamoja duniani, japo ni kwenye karatasi ya Wazungu, ambapo mimi niko ndani na yeye yuko nje.

Mgeni aliondoka nayo. Baada ya miezi kadhaa kazi yake ilikamilika, akaituma kwa simu. Mimi nilifikiri angenitumia mimi peke yangu. Lakini pale Butiama alikuwa amechukua namba ya binti wa mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi Bunda, kwa sababu alizungumza naye Kiingereza vizuri. Binti naye kwa furaha akaiweka kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla hajaisoma. Watu wa Bukima, wa Bunda, wa Butiama, wote wakaiona kwa pamoja. Ramani ilikuwa nzuri. Juu ya Musoma kulikuwa na kitone chekundu kimoja, chenye mstari mrefu hadi kwenye lile bonde. Huyo nilikuwa mimi. Wengine wote walikuwa vitone vya kijivu, na chini yake orodha, na kwenye orodha ile ni mtu mmoja tu aliyewekewa jina la baba mwingine na kijiji chake.

 Kwa siku mbili hakuna aliyetuma kwenye kundi hata salamu ya asubuhi. Kisha nikaona mmoja ametoka, na mwingine.

Mdogo wangu hakunipigia simu. Nilikutana naye kwenye mahari ya huyo huyo binti, kwa kuwa mimi ni baba mkubwa na siku ilikuwa imepangwa tangu zamani. Nilikwenda nikijifanya hakuna lililotokea. Walinipa kiti. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa mbele yetu, na msemaji wao alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kofia ya manyoya, wa aina ile ambayo huwekwa makusudi ili achokoze.

"Wazee wetu," akaanza, "ng'ombe tumeleta, wako pale chini wanakunywa maji. Tatizo letu ni dogo. Hatujui tuwaswage kuelekea wapi. Waingie hapa, au tuwapeleke Buswahili kwa wenye mbegu?"

Mtu mmoja nyuma yake akacheka, akajikohoza. Msemaji akaona amepata uwanja.

"Au tuwapakie kwenye ndege, waende Ulaya? Maana hii nyumba tumesikia ina matawi."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akiligusa jambo lile mbele ya watu. Mzee mmoja wa upande wetu alifunika uso kwa kiganja. Mdogo wangu alisimama. Hakupaza sauti.

"Waswageni kwenu," akasema.

"Ah, mura, ndugu yangu, ni utani wa mahari."

"Nimekusikia. Waswageni kwenu."

Wakaondoka na ng'ombe wao. Baadaye walirudi na mbuzi wa kuombea radhi na ndoa ikafungwa, lakini hiyo nilisikia tu. Siku ile watu walitawanyika bila kuagana, na mdogo wangu akabaki amesimama mbele ya kiti changu.

"Kaka, wewe baba yako nani?"

Nikaanza kuinuka.

"Si umeandika. Sema. Wewe ndiye msomi."

"Niliandika yule fundi."

"Na mimi?"

Nikaangalia walikopita wale ng'ombe.

"Ulikuwaga unanisomea barua zangu," akasema. "Hii nimesomewa na mwanangu wa kumzaa, mama yake anasikia, watoto wanasikia. Alifika kwenye lile jina akanyamaza, nikamwambia, soma mwanangu, baba yako mkubwa hakuandika ili unyamaze. Akasoma analia."

"Mura, nilikosea."

"Hukukosea. Mtu anayekosea anakosea pote. Wewe ulipofika kwenye jina lako hukukosea."

Nilitaka kuingia kwa mama. Hakunizuia, akanifuata tu kwa macho. Mama alikuwa kwenye kijumba chake, ana ungo wa mtama magotini, anachambua kwa vidole kwa kuwa macho hayamsaidii tena. Alinijua kwa hatua.

"Kwa hiyo umeniandika," akasema.

"Mama, ilikuwa ni karatasi ya yule mgeni tu."

"Bibi yako alinitolea ng'ombe mchana, watu wanaona. Nilikuja mji huu mke wa mtu. Nimezaa sita, hakuna hata adui aliyewahi kuniuliza nilikuwa wapi. Adui zangu wote wamekufa wananiheshimu." Akatoa kijiwe kwenye mtama, akakitupa. "Umengoja nizeeke hivi ndipo unifanye mtu wa vichakani."

Nilipiga magoti. Niliomba. Nilisema maneno mengi, sikumbuki yote, na mengine yalikuwa ya kujitetea, kwamba Wazungu hawaelewi, kwamba safu ilikuwepo tayari.

"Safu ilikuwepo," akasema mama. "Na mkono je?"

Kisha akasema, "Sogea mlangoni, unanizibia mwanga." Haya ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa.

Yaliyofuata aliyapanga mdogo wangu, bila kelele, kama anavyopanga malisho. Alikwenda kwa wakili hapa Musoma, akaapa, akaliondoa jina la Kiskoti kwake na kwa wanawe wote, akaweka jina la bibi, jina lake mwenyewe la kuzaliwa. Alisema kama jina la mwenye ng'ombe halitoshi, basi tutumie la aliyewachunga. Watu wa Bunda wakamfuata, kisha wa Bukima. Ilichukua muda, maana kuna vyeti vya shule, vitambulisho, kadi za kliniki za watoto, lakini walifuatilia mmoja mmoja. Lile sanduku alinitumia. Lilikuja juu ya pikipiki, limefungwa kwa mipira, halina kitu ndani. Mwendesha pikipiki alikuwa amepewa ujumbe akaukariri njia nzima: "Amesema, jina libaki kwako. Wewe ndiye uliyelitafuta sana."

Nina mabinti wawili, wote wameolewa. Wa kwanza alinipigia akiwa ofisini kwake, nikasikia watu nyuma yake. "Baba, nisamehe," akasema, "nimemfuata baba mdogo." Wa pili hakupiga. Niliona jina jipya tu kwenye simu yake.

Mwaliko wa Uskoti ulikuja kweli, kwenye karatasi nene, wenye nembo. Uko kabatini. Sikwenda. Ningekwenda kusema nini mbele ya watu wale, na nikirudi ningemsimulia nani?

Mama alifariki msimu wa kuvuna mtama. Nilipata habari kutoka kwa mwendesha pikipiki yule yule. Nilifika Butiama kaburi limekwisha kuchimbwa, upande wa kulia wa kaburi la bibi, mahali pa mke. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kutupa udongo. Watu walisimama, wakasubiri, na mimi nikainama nichukue. Mdogo wangu akaweka mguu wake juu ya lile rundo la udongo, mbele ya mkono wangu, si kwa nguvu.

"Wewe si wa nyumba hii," akasema. "Wewe una baba yako Ulaya. Tumekuona kwenye ramani."

 Nilinyoosha mgongo, nikarudi nyuma ya watu, nikasimama na majirani. Yeye ndiye aliyeanza kutupa. Baadaye mzee mmoja alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia kwa upole, kama anayetoa maelekezo ya njia, nisije nikahangaika na suala la kaburi langu pale. Limeshazungumzwa.

Mwaka huu mgeni ameniandikia tena. Bado anarekebisha ramani zake, ameshazeeka, mwandiko unatetemeka. Anasema ametafuta vitone vyetu vya kijivu kwenye mitandao na orodha alizonazo, Bunda, Bukima, Butiama, na havioni. Anauliza kama kulikuwa na ugonjwa au vita, maana kwa uzoefu wake jina haliondoki mahali upesi hivyo isipokuwa watu wamefukuzwa.

Nilimjibu kwa mistari miwili. Nilimwambia afute vyote isipokuwa kile kimoja cha Musoma, na hicho nacho akiandike kwa penseli. Sikumweleza sababu. Naieleza hapa.

Kuichukua kalamu ile kulinigharimu mdogo wangu. Yu hai, yuko Butiama, mwendo usiofika hata saa mbili kutoka hapa, na akiulizwa anasema yeye ndiye mtoto wa kwanza wa mama. Mama alikufa bila kunisamehe, na mimi nitazikwa kwenye makaburi ya mjini kati ya watu nisiowajua. Jina nililotaka liwe langu kuliko la wengine, sasa ni langu peke yangu.